Viazi mviringo vyangu vya Bunju vimezaa gololi: kosa liko wapi, na bustani nianze lini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Bunju, nyuma ya nyumba nina eneo la mita 6 kwa 8, udongo wa kichanga, maji natumia ya kisima. Mdogo wangu yuko Uingereza, na mwaka jana alinitumia video ya watu wa huko wakiandaa bustani ya mboga na kupanda viazi mwezi wa tatu, majira yao ya kuchipua. Na mimi nikanunua viazi mviringo sokoni, nikapanda mwezi huohuo. Nilitia samadi ya kuku na urea, majani yakastawi mpaka jirani akaja kuuliza siri yangu. Mashina machache yalinyauka ghafla, mengine yakaendelea vizuri. Nilipochimba nikakuta vitu kama gololi. Mwaka huu nataka kuwahi zaidi. Bustani niiandae vipi, na viazi nipande lini?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole. Nalijua jasho linalomtoka mtu kwenye tuta la Dar mwezi wa tatu. Lakini usijilaumu kwa kulima vibaya. Mmea uliostawi majani mpaka jirani akavuka uzio kuja kuuliza, huo ulipata chakula na ulipata maji. Kilichokosekana hakiuzwi kwenye duka la pembejeo: ulikosa usiku wa baridi.

Kiazi mviringo kinaamuliwa na usiku. Chini ya udongo mmea hutoa vikonyo vyeupe, vyembamba kama uzi wa mop, na ncha za vikonyo hivyo ndizo zinazovimba zikawa viazi. Ishara ya kuanza kuvimba hutoka kwenye majani, na ishara hiyo husafiri vizuri zaidi usiku unapokuwa na nyuzijoto kama 15 hadi 18. Usiku ukipita nyuzijoto 20 mavuno yanaanza kushuka. Ukikaribia 25, mmea karibu unaacha kabisa kuweka viazi. Tena kwenye joto mmea unapumua kwa nguvu usiku kucha, na kupumua huko kunakula sukari iliyotengenezwa mchana, kwa hiyo hata kidogo kinachopaswa kushuka chini kinaishia njiani. Sasa kumbuka usiku wa Bunju mwezi wa tatu. Feni inazunguka, shuka limetupwa pembeni, na joto la nje halishuki sana chini ya nyuzijoto 24. Viazi vyako vilikuwa kwenye usiku huohuo.

Asili ya zao hili ni milima ya Andes, upande wa Peru na Bolivia, mahali ambapo jua la mchana ni kali na usiku mtu anajifunika blanketi mbili. Ndiyo maana hapa kwetu limeota mizizi Njombe, Makete, Mbeya na Lushoto. Viazi unavyoviona vikishushwa Mabibo kwenye magunia ya lumbesa vimetoka huko juu, ambako mwezi wa sita na wa saba kuna asubuhi watu wanaamka wakakuta umande umeganda kwenye nyasi.

Na wale wa kwenye video? Wao wanapanda mwezi wa tatu au wa nne kwa sababu wanaikimbia barafu. Baridi yao ya Desemba na Januari ingeua kila jani, kwa hiyo wanasubiri udongo upate joto kidogo, wanaweka mbegu chini, na viazi vinajaa kuanzia mwezi wa sita, wakati ambapo hata katikati ya kiangazi chao usiku ni wa nyuzijoto 12 au 14. Wao wanasubiri joto, sisi tunasubiri ubaridi. Ukiifuata tarehe yao unafika kinyumenyume. Cha kuiga kwao ni hesabu tu: wanaanza kuuliza viazi vitajaa mwezi gani, kisha wanarudi nyuma kuhesabu siku ya kupanda.

Urea nayo ilichangia. Naitrojeni nyingi kwenye joto huupeleka mmea wote juu, kwenye majani, na samadi ya kuku peke yake tayari ina naitrojeni ya kutosha. Ulichomsisimua nacho jirani ndicho kilichokunyima viazi.

Kwa hiyo naomba usiwahi. Najua umeniandikia mwezi wa pili ukiwa umeshika jembe, lakini majira ya kuchipua ya Dar es Salaam, kama tunataka kuyaita hivyo, hayaanzi mwezi wa tatu. Yanaanza pale masika yanapoishiwa nguvu, mwishoni mwa mwezi wa tano, upepo wa kusi ukishashika kasi na kipupwe kikaingia. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane usiku wetu hushuka mpaka nyuzijoto 18 hadi 20, mchana unabaki 28 au 29, magonjwa ya ukungu yanapungua kwa sababu mvua ni chache, na udongo bado una unyevu wa masika chini. Hiyo ndiyo miezi mizuri ya mboga kwa mtu wa Pwani. Miezi ya kabla yake ni ya kuandaa udongo, na kwa mchanga wa Bunju kazi hiyo inastahili miezi mitatu kamili.

Anza na mizizi. Kama kuna shina la bamia, biringanya au nyanya lililobaki kutoka msimu uliopita, ling'oe polepole kwa jembe uma, mizizi yote itoke, usilivute kwa mkono. Isuuze kwenye ndoo ya maji, uitandaze kiganjani. Mizizi yenye afya ni laini, imenyooka. Yenye minyoo fundo, yaani vijinyoo vya udongoni vinavyoishi ndani ya mizizi, ina uvimbe uvimbe kama shanga zilizotungwa hovyo, na ukiukwangua uvimbe kwa ukucha haubanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba. Usichanganye na vinundu vya kunde. Kinundu cha kunde kinatoka kirahisi, na ukikipasua ndani kina rangi ya waridi. Hicho ni cha heri, kinautengenezea mmea naitrojeni. Lakini minyoo fundo kwenye mchanga wenye joto wa Pwani ni balaa, na watu wengi wanalaumu mbegu au maji wakati mwizi yuko kwenye mizizi.

Ukiikuta, huna haja ya kukimbilia sumu. Una jua la mwezi wa pili. Lima, vunja mabonge, mwagilia mpaka udongo ulowe kina cha kiganja na zaidi, kisha funika kwa nailoni angavu inayopitisha mwanga, ile inayotumika kufunika meza. Kingo zizike kwenye mfereji mdogo ili hewa isipite. Iache wiki 4 hadi 6. Nailoni nyeusi haifanyi kazi sawasawa, maana inapata joto yenyewe badala ya kulipitisha chini. Njia hii haimalizi minyoo yote, ila inaipunguza sana pale juu ambapo mizizi michanga huanzia, na inaua mbegu nyingi za magugu pia. Fanya wiki hii, masika yasikukute hujaanza.

Kuhusu samadi. Dar wengi tunapata ya kuku wa nyama, iliyochanganyika na maranda, na inauzwa kwenye viroba. Kabla hujalipa, ingiza mkono katikati ya kiroba. Kama ndani kuna joto, na harufu inakuchoma macho, hiyo bado mbichi. Ukiitia shambani itaunguza mizizi, na yale maranda yakianza kuoza yataiba naitrojeni ya udongo. Nunua tu kama bei ni nzuri, lakini irundike kivulini, ilowanishe, ifunike kwa turubai, uigeuze kila baada ya wiki moja au mbili. Baada ya miezi miwili inakuwa nyeusi, inanukia udongo, na hapo ndipo inafaa. Samadi ya ng'ombe iliyokaa muda ni salama zaidi na kwa mchanga naipenda kuliko zote, kwa vile inashika maji. Vipimo vyangu kwa eneo lako: debe moja la samadi ya ng'ombe kwa kila mita moja ya mraba, au nusu debe ya kuku iliyoiva.

Ila usiitie yote sasa! Hapa ndipo wengi wenye udongo wa kichanga wanapoteza fedha. Mvua za masika, hasa za mwezi wa nne, zinapita kwenye mchanga kama maji kwenye chekeche na kuteremsha chakula chote chini ya mizizi. Nusu ya samadi changanya baada ya kuondoa nailoni, nusu nyingine ihifadhi mpaka katikati ya mwezi wa tano. Kati ya nusu hizo mbili, kama mizizi ilikuwa safi, sia kunde kwenye matuta yote isipokuwa yale ya viazi vitamu nitakayokueleza mbele. Mtakula majani yake, udongo utafunikwa usipigwe na mvua, na mwezi wa tano utazikata na kuzifukia. Kama mizizi ilikuwa na fundo, achana na kunde kwa sababu nazo zinashambuliwa. Funika matuta kwa nyasi kavu tu.

Eneo lako linaingia matuta manne ya upana wa mita 1 na urefu wa mita 7, na njia za nusu mita katikati. Mita moja inatosha kwa sababu mkono unafika katikati kutoka kila upande, na tuta halikanyagwi. Wakati wa masika liwe limeinuka kiasi cha kiganja na vidole vyake. Kipupwe kikiingia lishushe, na mwakani Januari, ukitaka mchicha wa kiangazi, geuza kabisa: tuta liwe limezama chini ya njia ili kila tone libaki ndani.

Kitalu cha nyanya, biringanya, kabichi na sukuma wiki sia mwanzoni mwa mwezi wa tano, chini ya kipaa cha makuti kinachozuia matone makubwa lakini mwanga unapita. Adui wa wakati huo ni kinyausi: miche inaota vizuri, kesho yake imelala, shina limekuwa jembamba kama uzi pale linapokutana na udongo. Kinaletwa na kubanana na maji mengi. Sia kwa mistari, mwagilia asubuhi tu, na miche iliyosongana ipunguze bila huruma. Baada ya wiki 4 hadi 5 miche itakuwa tayari kuhamia tutani, nawe utakuwa mwezi wa sita, pale hasa tunapotaka.

Mengine ni mepesi, nayapitia haraka. Mchicha sia moja kwa moja, wiki tatu hadi nne unachuma. Sia robo ya tuta kila baada ya wiki mbili ili usipate mzigo siku moja na ukame siku nyingine. Bamia loweka mbegu usiku mmoja. Karoti zinaupenda mchanga wako, lakini hazipendi kuhamishwa. Chainizi na figili ni mboga za kipupwe hasa, mwezi wa kumi na mbili zinaungua. Nyanya ukizipanda chunguza majani kila siku mbili. Ukiona vibaka vinavyopitisha mwanga kama karatasi ya mafuta, na ndani kuna kifunza, ni kantangaze. Chuma jani hilo ulifunge kwenye mfuko wa plastiki ukaukie juani, usilitupe chini.

Maji ya kisima yaonje. Simaanishi unywe, weka ulimini uteme. Visima vya ukanda wa bahari vingi vina chumvi, na dalili yake ukiacha ulimi ni unga mweupe juu ya udongo ukikauka, na kingo za majani kuungua kuanzia nchani. Chumvi ikiwa kidogo, spinachi inavumilia vizuri, maharage hayavumilii kabisa, viazi mviringo viko katikati. Usimwagilie kwa kunyunyiza kidogo kidogo juu juu, maana maji yanakauka na chumvi inabaki. Mwaga ya kutosha yateremke. Siku ya jua kali tuta lako la mita 7 linahitaji kama lita 35, yaani karibu ndoo mbili kubwa, nusu asubuhi na nusu jioni. Nyasi kavu juu ya tuta zitakupunguzia safari za kisimani, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ni mazuri hivyohivyo.

Sasa turudi kwenye yale mashina yaliyonyauka ghafla, kwa sababu hayo yananisumbua kuliko gololi zako. Shina la kiazi linalonyauka mchana likiwa bado la kijani, bila kuwa manjano kwanza, na maji yapo udongoni, nalishuku mnyauko wa bakteria. Ugonjwa huu unapenda joto na unyevu, na unasafiri ndani ya kiazi kinachoonekana kizima kabisa sokoni. Likitokea tena, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kama urefu wa kidole. Chukua glasi ya maji safi, angavu, uiweke dirishani. Shikilia kipande kwa juu ili ncha ya chini iguse maji tu, usitikise. Subiri dakika chache. Kama kuna bakteria, utaona uzi mweupe kama wa maziwa ukishuka polepole kutoka kwenye shina kwenda chini ya glasi. Mara ya kwanza nilipouona nilidhani nimeona vibaya, nikarudia na shina lingine, uzi uleule. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayotibu. Shina linang'olewa pamoja na udongo wake, linatolewa nje ya bustani, na jembe linaoshwa.

Hukupima mwaka jana, kwa hiyo tuchukue kwamba ulikuwepo. Kwenye tuta lile usirudishe viazi, wala nyanya, biringanya, nyanya chungu au pilipili kwa miaka miwili hadi mitatu. Zote ni ukoo mmoja na zote zinaugua. Weka mahindi, vitunguu au mchicha. Na maji yanayotiririka kutoka tuta hilo yasipite kwenye matuta mengine.

Baada ya hayo yote, je, upande tena viazi mviringo? Nakujibu kwa moyo mweupe: kwa kujaza gunia, hapana. Dar hata mwezi wa saba usiku wake uko kwenye ukingo wa kile kiazi kinachokubali, na mkulima wa Njombe atakushinda kila mwaka bila kutoka jasho. Lakini kwa kuwafundisha watoto, na kwa ile raha ya kufukua kitu chako kwa mkono, panda kidogo na panda wakati wake. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda mashina machache kwenye viroba, nyuma ya nyumba yangu hapahapa mjini, mwishoni mwa mwezi wa tano. Vilivyotoka vilikuwa kati ya yai la kuku na ngumi ya mtoto. Tulivichemsha jioni ileile, na mke wangu mpaka leo anavikumbuka.

Mbegu usinunue sokoni tena. Kiazi cha chakula hujui kimebeba ugonjwa gani, na mara nyingi kimevunwa juzi, bado kimelala. Kiazi hulala miezi miwili au mitatu baada ya kuvunwa kabla hakijachipua. Tafuta mbegu iliyothibitishwa, yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Kwa aina, Asante, Meru na Sherekea ni miongoni mwa zilizoidhinishwa nchini, na kituo cha Uyole kule Mbeya, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), ndicho kinachoshughulikia utafiti wa zao hili. Afisa ugani wa kata yako anaweza kukuelekeza kwa wazalishaji wa mbegu. Chukua viazi vya ukubwa wa yai, kama 20 hivi. Mwanzoni mwa mwezi wa tano vipange kwenye trei za mayai, macho yakitazama juu, mahali penye mwanga lakini pasipo na jua la moja kwa moja, na penye hewa. Kwenye giza machipukizi yanakuwa marefu, meupe, yanavunjika ukiyagusa. Kwenye mwanga yanakuwa mafupi, manene, ya kijani au zambarau, na hayo ndiyo unayoyataka, urefu wa sentimita moja au mbili. Usikate kiazi vipande. Nyanda za juu wengine wanakata, lakini kwenye udongo wa joto na unyevu kama wetu kidonda kile kinaoza kabla hakijaota.

Panda kati ya tarehe 20 na mwisho wa mwezi wa tano. Hesabu yake ni hii: mbegu iliyochipua vizuri inatokeza juu baada ya wiki mbili hivi, vikonyo vinaanza kuvimba wiki mbili hadi nne baadaye, na hapo utakuwa umeingia mwezi wa saba, usiku wetu wa baridi kuliko yote. Kujaa kunaendelea mpaka mwezi wa nane wote. Ukichelewa ukapanda mwezi wa saba, kiazi kitajaa mwezi wa tisa na wa kumi joto likiwa limesharudi.

Chagua upande wa mashariki wa nyumba au ukuta, mahali penye jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa nane mchana. Udongo usiopigwa na jua la alasiri unaingia usiku ukiwa baridi, na kwa kiazi hilo ni jambo kubwa kuliko mbolea. Shimo sentimita 10 hadi 15, chini konzi mbili za samadi iliyoiva iliyochanganywa na udongo, mbegu juu yake, sentimita 30 kati ya shina na shina, 75 kati ya mstari na mstari. Urea iache kabisa. Majivu kidogo ya kuni yanatosha kuongeza potashi. Mmea ukifika urefu wa shibiri moja, vutia udongo kwenye shina mpaka nusu yake ifukiwe, na rudia baada ya wiki mbili au tatu. Kisha tandaza nyasi kavu, nene, unene wa kiganja. Udongo huo na nyasi hizo zinafanya kazi mbili: zinapoza, na zinazuia viazi visione mwanga vikageuka kijani.

Katika yale matuta manne, mawili nakuomba uyape kiazi kinachoipenda Dar. Kiazi kitamu hakiogopi usiku wetu, mchanga kinaufurahia, na ukipata marando ya aina za rangi ya chungwa, zile zinazoitwa viazi lishe, kama Mataya au Kiegea, unapata na vitamini A kwa watoto. Kazi ya kuvieneza viazi hivyo Afrika iliheshimiwa mwaka 2016 kwa Tuzo ya Chakula Duniani, na kwa maoni yangu ilistahili. Kata rando la sentimita 30 kutoka nchani, theluthi mbili zizame udongoni, sentimita 30 kati ya rando na rando, juu ya tuta lililoinuka. Panda mwezi wa nne mvua ikiwepo. Kama haya ni matuta ya kula kiazi, usiyachume matembele ovyo. Kila konzi ya majani unayochuma ni kiazi unachokipunguza chini. Kwa mboga tenga pembe yake. Mwezi wa saba na wa nane udongo ukianza kukauka na kupasuka, ziba nyufa kwa udongo mara moja, maana fukusi wanaingilia humo, na kiazi walichokitoboa kinakuwa kichungu hata kwa ng'ombe.

Viazi mviringo vyako chimba majani yakishakuwa manjano na kulala, mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Siku kumi kabla, acha kumwagilia ili ganda likomae. Chimba asubuhi, vianike kivulini saa chache, viweke gizani. Kilichogeuka kijani kisiingie chunguni, kina sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi.

Na nina ombi. Katika mbegu zako 20, panda kumi upande wa kivuli cha alasiri na kumi mahali pa jua la kutwa, siku moja, kwa samadi ileile. Siku ya kuchimba pima kila kundi peke yake kwenye mizani ya duka la jirani, halafu niandikie namba zote mbili, pamoja na mwezi ulioona kipupwe kikianza kwako Bunju.